Saa za Kuruka Si Mshahara: Rubani Naye ni Mfanya Kazi



Sisi tukaao Embakasi, Pipeline na Tassia twasikia ngurumo za ndege mchana na usiku. Wengi wetu twala kwa kazi ya ndege. Wako wapakizi wa mizigo, mafundi, wapishi, wafagiaji, madereva na askari walinzi. Lakini rubani akitajwa, watu husema, "Huyo si mwenzetu, huyo ni bwana mkubwa." Leo nataka kuyapinga maneno hayo, maana vijana wa mitaa yetu nao wameanza kuingia kazi hiyo, na wako wanaoumizwa sisi tukitazama tu.

Yuko kijana mmoja wa Makadara ambaye baba yake aliuza shamba la nyumbani ili amsomeshe urubani. Mafunzo hayo gharama yake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Kijana akasoma, akafaulu, akapata leseni. Mtaa mzima ukafurahi. Kisha akaanza kutembea lango kwa lango katika Uwanja wa Wilson akitafuta kazi. Hatimaye tajiri mmoja mwenye ndege ndogo za kukodi akamwambia, "Njoo uruke. Mshahara tutaangalia baadaye. Kwa sasa saa utakazopata ndizo mshahara wako." Kijana akakubali. Kwa muda wa miezi mingi aliruka mchana, na jioni akarudi Makadara kumwomba mama yake nauli ya kesho.

Ndugu, yafaa tuelewe saa hizo ni nini. Mtu akianza kujifunza, huhitaji kama saa 40 za kuruka ili apate leseni ya kwanza, ambayo haimruhusu kuruka kwa malipo. Leseni ya kufanya kazi ya biashara huhitaji saa 200, au 150 kwa aliyesoma mafunzo yote mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Lakini kapteni wa ndege kubwa ya abiria hana budi kuwa na leseni ya juu kabisa, na hiyo haipatikani kabla ya saa 1,500. Wachache huchukuliwa na shirika kubwa tangu shuleni. Wengine wote yawapasa kuzikusanya saa zao Wilson, katika ndege kama Cessna Caravan ya injini moja, wakipeleka watalii Maasai Mara, miraa Somalia, na watu wa misaada Sudani ya Kusini. Anayeruka saa 50 kwa mwezi atahitaji zaidi ya miaka miwili ili atoke 200 na kufika 1,500. Basi tajiri ajua kwamba kijana ana njaa ya saa, na njaa hiyo ndiyo anayoifanyia biashara.

Huu si ujanja mpya. Utingo wa lori aliambiwa hivyo hivyo zamani: "Beba mizigo bure, siku moja utashika usukani." Lakini abiria analipa nauli kamili, hata kama aliyeketi mbele halipwi kitu. Kazi imefanywa, fedha imeingia, na sehemu ya mfanya kazi imebaki mfukoni mwa mtu mwingine.

Wako watakaosema, "Mwache kijana. Asipokubali, mtoto wa maskini atapata wapi saa?" Nami nauliza, ni nani awezaye kufanya kazi mwaka mzima bila mshahara? Ni mtoto wa tajiri, ambaye baba yake humlipia nyumba na chakula. Mtoto wa Jericho au Kaloleni hawezi kungoja hivyo. Atachoka, atakwenda kuendesha teksi, na shamba la baba yake limekwisha kwenda. Kwa hiyo desturi hii ya kuruka bure haimfungulii maskini mlango, bali yamfungia. Tena huharibu bei ya kazi kwa wote. Mmoja akiruka bure, mwenzake aliyekuwa akilipwa ataambiwa apunguziwe.

Liko jambo zito kupita fedha. Rubani asiye na mshahara wala mkataba huogopa kusema hapana. Akiona mizigo imezidi, au mawingu yamefunga, au mwenyewe amechoka, atafikiri, "Nikikataa, kesho atapewa mwingine." Mwezi wa Februari 2009, huko Marekani, ndege ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo wakafa watu 50. Uchunguzi ulionyesha kosa la kapteni katika kuiendesha ndege. Lakini pia nchi nzima ikasikia habari za uchovu na za mishahara midogo ya marubani wa kampuni ndogo. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini. Baada ya hapo sheria zao za saa za kuruka na za kupumzika zilibadilishwa. Sisi tusingoje maiti ndipo tuseme.

Sasa, kijana akivuka kutoka Wilson akaingia shirika kubwa, asidhani amefika mbinguni. Katika mashirika mengi makubwa, cheo hufuata orodha ya tarehe za kuingia. Aliyekuwa kapteni wa ndege ndogo hurudi kuwa msaidizi, chini kabisa ya orodha. Tena huenda akatiwa sahihi mkataba wa kumfunga miaka kadhaa kwa sababu ya gharama za kufundishwa ndege mpya, na akitoka mapema adaiwe.

Wala shirika kubwa si mwamba. Wazee wetu waliofanya kazi katika East African Airways waliona shirika hilo likifa mwaka 1977, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizisimamisha ndege, na mishahara ikakatwa. Mwezi wa Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways, kwa chama chao cha KALPA, waligoma tangu tarehe 5, na dai lao moja kubwa lilikuwa michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni iliyosimamishwa. Mahakama ikaamuru warudi, wakarudi tarehe 9. Wengi mitaani waliwalaumu. Lakini mpakizi wa mizigo naye akikatiwa akiba yake ya uzeeni atalia kilio kile kile. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na chama cha kuwasemea, na yule kijana wa Makadara hakuwa na mtu.

Basi shauri langu ni hili:

1. Kila rubani kijana aandike daftari lake la saa mwenyewe, kila siku, na kuweka nakala nyumbani. Daftari hilo ndilo shamba la baba yake. Asiandike hata saa moja ya uongo, maana uongo mmoja huzitia shaka saa zote.

2. Asitie sahihi mkataba wowote, hasa wa kufungwa miaka, kabla haujasomwa na mtu wa chama.

3. Mtu asiruke bila mshahara. Kama mshahara ni mdogo, na uwe mdogo, lakini uandikwe na ulipwe.

4. Viongozi wa vyama vya kazi za ndege wasikae katika shirika kubwa tu wakiwangoja watu wavuke. Waende Wilson, lango kwa lango, kama vijana wetu waendavyo. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kila mfanya kazi ana haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama. Hakikusema kila mfanya kazi isipokuwa wa ndege ndogo.

Nanyi marubani mliokwisha kufika juu, kumbukeni wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Siku mashirika makubwa yatakapopunguza watu, mtarudi Wilson kutafuta kazi, na bei mtakayoikuta huko ni ile mliyoiacha ishushwe.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Eastlands