Kitoto cha kinyonga si cha kuua, wala si cha kufuga

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayepita vijijini kukusanya mazao, leo tuzungumze juu ya mnyama ambaye wengi wetu tukimwona tunatafuta jiwe.

Msimu uliopita, huku milimani Usambara, mama mmoja aliniita. Mwanawe alikuwa ameokota kinyonga mdogo kama kidole, akamweka kwenye ndoo na kumpa ugali. Kinyonga hali. Nikamwambia mtoto: "Huyu anakula wadudu walio hai, mtafutie." Nikapanda pikipiki nikaondoka.

Kesho yake kinyonga alikufa. Nilipouliza wadudu walitoka wapi, mtoto akanionyesha shamba la kabichi lililopuliziwa dawa siku moja kabla. Sikupima chochote, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba dawa ndiyo iliyomuua. Lakini kosa la kutouliza lilikuwa langu. Na kilichoninyima usingizi ni kwamba kabichi hizo hizo zilikuwa zikatwe asubuhi inayofuata, ziende sokoni.

Msimamo wangu ni huu: kinyonga aachwe shambani. Hana sumu, akikuuma, anafinya tu. Anakula panzi, nzi na viwavi bila kukudai hata shilingi. Ndani ya ndoo hana faida kwako, na yeye mwenyewe hadumu.

Ikiwa umemkuta mahali pa hatari, labda unafyeka au kuku wamemzunguka, mhamishe hivi:

1. Usimkamate kwa juu wala usimvute kwenye tawi. Anashika kwa nguvu, na miguu yake ni myembamba kama kijiti. Weka mkono mbele yake apande mwenyewe, au kata tawi uende nalo.

2. Akiwa mweusi, akijivimbisha na kufungua mdomo, ameogopa. Mwache atulie.

3. Mpeleke kwenye kichaka chenye majani mengi, karibu na ulipomkuta, mbali na eneo lililopuliziwa.

4. Ikibidi alale kwako usiku mmoja, mpe tawi ndani ya kapu linalopitisha hewa, peke yake. Maji ya bakulini kwa kawaida hayanywi. Nyunyizia majani, atalamba matone. Kitoto hula kila siku, wadudu wadogo wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake. Usimpe ugali, wali wala mkate. Asubuhi apate jua, na kivuli cha kukimbilia.

Najua wapo wanaopita wakiwaahidi watoto hela kwa kila kinyonga. Usikubali. Kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mnunuzi ataondoka na gari lake, atakayebaki kuulizwa ni wewe. Tena baadhi ya vinyonga wa Usambara hawapatikani kwingine popote duniani.

Sasa nirudi kwenye kabichi. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo. Ukinunua dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, umenunua bila lebo, na siku hizo huzijui. Andika tarehe ya kupulizia kwenye daftari. Nawe mfanyabiashara, kabla ya kutoa pesa, uliza: "Imepuliziwa lini?" Swali hilo halikugharimu kitu.

Yule mama alisubiri siku zilizoandikwa. Bei ilikuwa imeshuka kidogo, akanung'unika, na simlaumu. Lakini kabichi ile ililiwa na watoto wa watu, na wa kwake pia.

Tukutane shambani.