Fundi, fungua kwanza!

Wadau, nimerudi chuo kutoka likizo Mchinga, ila hasira bado ninazo. Land Rover ya mjomba, Series III ya petroli (zilitengenezwa 1971 hadi 1985), inatoa moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, na kabureta inachuruzika juu ya injini ya moto. Fundi kafanyaje? Kakaza skrubu ya sailensa, kachukua hela, kasema tununue kabureta mpya. Huku ni kupiga ramli! Skrubu ile haizibi kinachovuja.

Anza na boya. Litikise sikioni: ukisikia petroli ndani, limetoboka, linazama, sindano haifungi, bakuli linafurika. Boya zima? Safisha sindano na kikalio chake. Halafu Zenith hizi zina ugonjwa wao: uso wa mfuniko unapinda, oringi ndogo haizibi tena, petroli inapenya pasipotakiwa. Sugua kwa msasa laini juu ya kioo, weka oringi mpya.

Jamani, hela ya hiyo kabureta mpya ndiyo ada yangu! Na tone moja likiangukia ekzosi, samaki wa mjomba watafika Lindi wameshachomwa, na yeye pia. Naenda zangu test, tutaonana.