Usichague mashine ya kamera kwa kuhesabu chaneli, hesabu siku

Leo tuongee kuhusu mashine ya kurekodia kamera za ulinzi, ile ambayo mafundi wanaiita DVR au NVR. Siku hizi mtu akishapata kastoo kake ka kufungashia mizigo, anataka "ile kubwa kabisa": chaneli 16, picha ya 4K, boksi linang'aa. Mimi nina duka hapa Mitundu, nauza asali na vifaa vya simu, na wateja wangu wengi sijawahi kuwaona kwa macho. Tunamalizana WhatsApp. Msimamo wangu ni kwamba sisi wauzaji wa mtandaoni tunalipia vitu ambavyo havitatusaidia siku ya shida.

Sikatai mashine ya bei. Nunua ya bei, ila ujue bei hiyo inakununulia nini.

Mwenye duka la kawaida akiibiwa, anajua jioni akifunga hesabu. Anarudisha picha za siku hiyohiyo, kazi imeisha. Kwetu haiko hivyo. Mzigo unatoka Mitundu leo, unafika Itigi, unabadilisha gari, unalala kwa wakala mjini. Mteja anautuma bodaboda siku ya nne, anafungua siku ya sita, na siku ya tisa ndo unapata meseji: "Bosi, nimelipia chupa sita, nimekuta nne." Hapo ndo utajua kama mashine yako ni ya hadhi au ni pambo la ukutani. Maana mashine ikijaa haisimami, inafuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Kama inahifadhi siku tano, ile siku uliyofungasha mzigo haipo tena.

Kwangu ilishatokea, meseji ikaja siku ya 12. Klipu ilikuwepo: chupa zinahesabiwa moja moja, boksi linapigwa seloteipu, namba ya mteja inaandikwa juu. Nikamtumia. Tukajua wote wawili kwamba tatizo ni la njiani, si kwangu wala kwake, tukaacha kulaumiana tukaanza kufuatilia mzigo. Bila ile klipu ningerudisha hela au ningepoteza mteja, na pengine vyote viwili.

Sasa hesabu, chukua kalamu.

Kasi ya kurekodi inapimwa kwa Mbps. Kamera ikirekodi muda wote, kila Mbps 1 inakula GB 10.8 kwa siku. Kamera ya kawaida iliyosetiwa Mbps 4 inakula GB 43 kwa siku. Ukiwa nazo nne, ni GB 172. Diski ya TB 1 hapo haifikishi hata siku 6. Weka kamera nne za 4K kwa Mbps 8 kila moja, diski hiyohiyo haimalizi siku 3. Umeona? Umelipia picha kali zaidi, umepata kumbukumbu fupi zaidi.

Kwa biashara yetu, lengo liwe siku 30. Kwa hiyo ukienda dukani, uliza haya:

1. Inakubali diski ya ukubwa gani, na zinaingia ngapi? Hili ndo swali la kwanza, chaneli baadaye. Kamera mbili za Mbps 4 kwenye diski ya TB 4 zinakupa zaidi ya siku 45. Chaneli 4 zinatosha stoo nyingi, 8 kama unatarajia kukua.

2. Inarekodi kwa H.265? Huu ni mfumo wa kubana video. Ukilinganisha na H.264 wa zamani, unaweza kupunguza nafasi karibu nusu kwa picha ya ubora uleule. Hakikisha na kamera zako zinaukubali.

3. Diski ni ya kazi hii? Kuna diski zimetengenezwa kwa kurekodi saa 24, kama WD Purple na Seagate SkyHawk. Usikubali kuchomekewa diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani.

4. Nionyeshe unavyotoa klipu. Mwambie muuzaji atafute dakika moja ya jana, aiweke kwenye flashi mbele yako. Akihangaika yeye, wewe utaweza? Uliza pia kama unaweza kuifunga klipu isifutwe wakati mgogoro unaendelea.

5. Kila kamera inasetiwa peke yake? Kamera ya juu ya meza ya kufungashia irekodi muda wote wa kazi kwa ubora mzuri. Ya uani iwake kukiwa na mtu anapita. Hapo unaokoa siku nyingi bila kuongeza hata shilingi.

Na kuhusu DVR au NVR: DVR inatumia kamera za waya wa koaksia, NVR inatumia kamera za mtandao. Kama tayari una waya za zamani ukutani na ni nzima, DVR itakuokolea hela. Unaanza upya? Chukua NVR yenye PoE, waya mmoja unapeleka umeme na picha.

Kuna wenzangu watasema: "Mimi natumia kamera ndogo ya WiFi yenye memori kadi, inanitosha." Kwa meza moja na mizigo michache kwa wiki, sawa kabisa, wala usikope hela kununua NVR. Lakini ujue kwamba mwizi akichukua kamera kaondoka na kadi na ushahidi. Mashine ya pembeni unaifungia kwenye kabati lenye kufuli na matundu ya hewa. Matundu usisahau, maana kiangazi cha huku vumbi na joto vinaua diski mapema.

Umeme nao. Ukikatika, kamera zinalala, na wenye nia mbaya wanalijua hilo. Mashine ya kawaida na kamera nne hivi, chukulia zinakula wati 40. Betri ya sola ya 12V 100Ah ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu ili usiiue, unapata kama saa 12 hadi 15. Usiku mzima umevuka. Mimi naona hela ya kutoka chaneli 8 kwenda 16 ni bora iende kwenye betri.

Intaneti isikutishe. Mashine inarekodi bila bando. Bando unalihitaji ukitaka kuangalia ukiwa mbali, na hapo tumia picha ndogo. Picha kubwa ya Mbps 4 inakula GB 1.8 kwa saa moja, picha ndogo ya nusu Mbps inakula MB 225 tu.

Vitu viwili vidogo vinavyoharibu ushahidi. Cha kwanza ni saa. Seti ukanda wa GMT+3, halafu ikague kila mwezi. Mashine ikiandika 14:00 ni saa nane mchana, usije ukamwambia mteja saa nne. Cha pili ni paswedi. Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kiliteka kamera na mashine nyingi za kurekodia duniani kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, na mwezi Oktoba mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix ikayumba. Fundi akimaliza, badilisha paswedi palepale, yeye akiwa hajaondoka.

Na klipu ukiipata, itumie kwa akili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama inapima ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Tunza faili halisi kama lilivyotoka, usikate wala kuweka muziki. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtu ni taarifa yake. Ukimrusha mtandaoni na maneno "mwizi huyu", kesho mshtakiwa unaweza kuwa wewe. Mpelekee mhusika au polisi, basi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jiulize: mteja akilalamika wiki mbili kutoka leo, nitakuwa na picha? Kama muuzaji hawezi kukujibu hilo kwa hesabu, tafuta muuzaji mwingine. Na kama mashine unayo tayari, leo hii rudisha nyuma uone picha ya zamani kabisa ni ya tarehe ngapi. Hiyo tarehe ndo ulinzi wako wote.

Mtumie na mwenzako anayejiandaa kufunga kamera. Biashara njema.