Paka wa mama hahitaji sikio jipya

KIBARAZANI, na Salma Mbwana

Wiki hii kuna mtu amenikera hadi chai ikanipoa mkononi. Amekuja kuchukua picha ya paka wa mamake, akaitazama, kisha akataka paka abadilishwe sura. Niseme mapema tusipotezeane wakati: ukimwagiza mtu akuchoree mnyama wako, atakuchorea mnyama wako, na kovu lake juu.

Mchoraji ni binti wa jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Huchora paka, mbwa na kasuku wa watu kwa pasteli, zile chaki za rangi nzito zinazoacha unga vidoleni. Alhamisi nilimkuta anamalizia kazi, nikavuta kiti nitazame. Paka mwenyewe ni dume la rangi ya machungwa, mzee, kichwa kipana. Jicho la kushoto lina utando mweupe na sikio la kulia halina ncha.

Kazi ya pasteli huanza na giza, mwanga ukaja mwisho. Juu ya karatasi ya kijivu yenye kukwaruza alikuwa ametanguliza kahawia na zambarau penye vivuli, juu yake machungwa, halafu manjano hafifu mgongoni panapopigwa na jua la dirishani. Hachori unyoya mmoja mmoja. Anafuata manyoya yanakolala: ya puani ni mafupi na yanapanda kuelekea kwenye paji, ya kifuani ni marefu na yanashuka. Kwenye lile jicho bovu alitia kijivu chenye buluu kidogo, akakigusa mara moja kwa kidole cha mwisho, na utando ukaonekana umo ndani ya jicho. Sharubu akaziacha hadi mwisho kabisa. Alivunja chaki nyeupe apate ukingo mkali, akavuta kila sharubu kwa mkono mmoja bila kurudia, maana ukirudia inakuwa uzi.

Hapo nikamtambua. Ndiye yule shume wa mtaani aliyewahi kumwibia mjomba wangu wa Kisauni kichwa cha nguru. Mjomba mwenyewe angemjua kwa macho yale tu.

Unga ulipojaa, binti aliinamisha ubao akaugonga kwa nyuma ukaanguka. Hapulizi. Unga wa rangi si kitu cha kuvuta mapafuni, na wewe uliyemnunulia mwanao chaki hizi mfunze hivyo tangu siku ya kwanza.

Ndipo mteja akaingia. Salamu alitoa vizuri, hapo sina neno naye.

“Dada, mbona sikio hili limekatika?”

“Ndivyo lilivyo, kaka. Ndilo lake.”

“Nirekebishie. Na hili jicho liondoe ukungu.” Akatoa simu, akaonyesha paka mweupe wa kifahari, manyoya tele, sijui wa nchi gani. “Mtie sura kama hii kidogo. Ni zawadi ya mama, nataka apendeze.”

Binti akamweleza kwa adabu kwamba huyo wa kwenye simu ni paka mwingine. Akajibu: “Si chaki tu? Unafuta unachora upya.” Na kidole akakinyoosha kuelekea kwenye picha. Binti akauvuta ubao nyuma. Lau angechelewa, shavu lote lingeondoka na kidole kile, kwa sababu pasteli haina mafuta wala gundi ya maana ya kuishikilia. Rangi imekaa wazi juu ya karatasi. Ndiyo maana huwekwa kwenye fremu yenye ukingo wa kadibodi unaotenga kioo na picha, na ndiyo maana wachoraji wengi wanaogopa hata dawa ya kupuliza ya kushikisha rangi, kwani hufifisha ule mwanga uliotafutwa kwa taabu. Huku pwani ongeza unyevu na kuvu. Kazi hii inahitaji heshima kuliko sahani ya udongo.

Sasa nije kwenye sikio. Halikuliwa katika ugomvi wa mapaa. Lilikatwa ncha na daktari wa mifugo, kwa ganzi, siku paka huyo alipohasiwa. Alama hiyo hutumika nchi nyingi duniani ili paka wa mitaani asikamatwe na kupasuliwa mara ya pili. Na aliyempeleka ni mama mwenyewe, mtaa mzima ulimwona akipita na kapu. Kijana anayetaka sikio lirudishwe anataka kufuta wema wa mamake, kisha amfungie karatasi ya zawadi.

Ugonjwa huu tumeutoa kwenye simu. Tumezoea kulainisha nyuso zetu hadi hata paka haachwi na uso wake. Na maduka ya watalii yamechangia: ukutani simba, twiga na tembo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuishi na mtu. Tukadhani picha ya mnyama ni pambo la aina yake, paka ni paka. La. Jean-Baptiste Perronneau, Mfaransa, mwaka 1743 alichora kwa pasteli msichana aliyeshika kipaka chake, na picha ipo hadi leo National Gallery, London. Yule ni kipaka yule, hakuna mwingine.

Binti alimrudishia arbuni yake yote, akaifunika picha kwa karatasi laini. Jamaa akatoka amenuna. Nasema alifanya sawa, na wachoraji wengine wafanye hivyo hivyo: mkubaliane kwa maandishi kabla ya chaki kugusa karatasi, nusu ya malipo mkononi, na uso wa mnyama usiwe jambo la kujadiliwa.

Nawe kijana, kama unanisoma, rudi ukaichukue. Mamako akipewa picha ataanza kutafuta lile sikio. Akilikuta zima atakuuliza huyu ni paka wa nani, nawe hutakuwa na la kumjibu.