Fungu la Kaunti na Dawa za Zahanati



Mama anayetoka zahanati na karatasi ya dawa, akaambiwa akanunue nje, humlaumu muuguzi. Mara nyingi muuguzi hana kosa. Zahanati na shule za chekechea ziko chini ya kaunti, na kaunti nyingi haziwezi kujiendesha kwa ada za soko, leseni na kodi za ardhi zinazokusanya zenyewe. Hutegemea fungu kutoka serikali kuu.

Fungu hilo si hisani. Kifungu cha 203 cha Katiba ya 2010 kinaagiza kaunti zipewe asilimia 15 au zaidi ya mapato ya taifa, nayo hutokana pia na kodi unayolipa ukinunua sabuni dukani. Ila asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa, ambazo huwa za miaka iliyopita, wakati bei za leo zimekwisha panda.

Namna ya kuligawa kwa kaunti 47 huamuliwa na Seneti kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa miezi, kwani mapendekezo yaliyokuwapo yangepunguza mgao wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Tana River miongoni mwa nyingine. Walipatana mwezi wa Septemba, kwa sharti kwamba fungu lote lifike shilingi bilioni 370, ili asiwepo wa kupunguziwa. Kwa msingi uliopitishwa wakati ule, idadi ya watu ilibeba asilimia 18, afya 17 na umaskini 14. Kwa hiyo mtoto mchanga aliyeachwa nje ya hesabu ya sensa ya 2019, kwa kuogopa jicho au kwa kumchoka karani mlangoni, aliipunguzia kaunti yake haki, japo kidogo.

Kisha lipo la kuchelewa. Kifungu cha 219 kinataka fungu lifikishwe bila ucheleweshaji usio na sababu, lakini mara nyingi kaunti zimengoja kwa miezi, na wauguzi wakangoja mishahara pamoja nazo. Sisi tuliofunzwa na Mtume (S.A.W.) kuharakisha ujira wa mfanyakazi tunaujua uzito wa jambo hilo. Hata hivyo, kuchelewa huko kusiwe pazia la kila upungufu. Zipo pesa zilizofika na zikaishia katika safari na makongamano.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, kisha wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo huwekwa asubuhi, saa ambazo mama yuko jikoni au sokoni. Mwakilishi wa wadi aombwe iwe baada ya Alasiri. Na atakayekwenda aulize mambo mawili: zahanati yetu imetengewa kiasi gani cha dawa, na katika kilichotengwa mwaka jana, ni kiasi gani kilichofika?