Madhara baada ya chanjo: ushahidi wa chanzo huanzia zahanati

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

Tuchukulie kwamba mtoto wa miezi 9 amepata chanjo ya surua na rubela katika zahanati ya kijiji kimoja wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Siku ya tisa baada ya chanjo anashikwa na homa kali, kisha degedege. Wazazi wanaikumbuka sindano. Mganga anapima damu na kukuta vimelea vya malaria. Mtoto akipona, jambo hilo huishia hapo. Akibaki na ulemavu, linazuka swali zito: chanzo ni chanjo, ni malaria, au ni maradhi mengine ambayo yangempata hata asingechanjwa? Na endapo upo mfuko wa kuwafidia walioathirika, nani athibitishe chanzo hicho, na kwa ushahidi gani?

Swali hili limepata uzito wa pekee tangu mwaka 2021. Tarehe 24 Julai mwaka huo Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO-19 aina ya Janssen kupitia mpango wa COVAX, na siku nne baadaye, Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua uchanjaji kwa kuchanjwa hadharani. Katika mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani (WHO) na washirika wake walianzisha utaratibu wa fidia kwa madhara makubwa ya chanjo zilizotolewa kupitia COVAX katika nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwamo. Ulikuwa utaratibu wa kwanza wa kimataifa wa aina hiyo. Mwombaji hakutakiwa kwenda mahakamani wala kuonesha kwamba kuna mtu aliyefanya uzembe.

Hata hivyo, utaratibu huo ulihusu chanjo za UVIKO-19 pekee, si chanjo za kawaida za watoto. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2018 ulionesha kuwa nchi 25 tu kati ya 194 wanachama wa WHO ndizo zilizokuwa na mfumo wa kufidia madhara ya chanjo bila kuhitaji kuthibitisha kosa, na Tanzania haikuwa miongoni mwake. Hivyo mjadala wa namna ya kuthibitisha chanzo bado una nafasi, na ni vema ukafanyika mapema, kwa utulivu, kabla haujasukumwa na tukio lenye machungu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kuondoa swali la kosa hakuondoi swali la chanzo. Wakazi wa Mikumi wanalijua hilo kwa mfano ulio karibu nao. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imepakana na mashamba ya wananchi. Tembo wakiingia katika shamba la mahindi, mkulima hahitaji kumthibitishia mtu yeyote kwamba askari wa hifadhi alizembea. Kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ziliweka utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi bila kutafuta mkosaji. Lakini ni lazima ithibitike kwamba aliyeharibu shamba ni tembo, si ng'ombe wa jirani wala ukame. Kwa sababu hiyo afisa wanyamapori hukagua nyayo, kinyesi na namna mabua yalivyovunjwa. Ukaguzi ukichelewa na mvua ikanyesha, nyayo hufutika. Mkulima anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakosa cha kuonesha.

Madhara ya chanjo nayo yana nyayo zake, nazo pia hufutika. Wataalamu huzitafuta kwa kuuliza maswali makuu matatu. La kwanza ni la wakati: je, dalili zilijitokeza katika muda unaolingana na jinsi chanjo hiyo inavyofanya kazi mwilini? Virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya surua huhitaji siku kadhaa kuamsha kinga, ndiyo maana homa inayotokana nayo huja baina ya siku ya sita na ya kumi na mbili. Degedege linalotokea saa chache baada ya sindano hiyo halilingani na muda huo. Linalotokea siku ya tisa linalingana.

Swali la pili ni la uwezo: je, inajulikana kwamba chanjo hiyo inaweza kuleta tatizo hilo? Kwa chanjo ya surua, jibu ni ndiyo kwa degedege la homa, ambalo hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila dozi 3,000 hivi, na kwa kawaida hupita bila kuacha athari ya kudumu. La tatu ni la vyanzo vingine: je, kuna sababu nyingine yenye nguvu zaidi? Malaria kali inayofika kwenye ubongo inajulikana kusababisha degedege na kuwaachia baadhi ya watoto ulemavu. Katika mfano wetu wa Kilosa, wakati unaikubali chanjo na uwezo unaikubali chanjo, lakini ulemavu wa kudumu pamoja na kipimo cha damu vinaelekeza kwenye malaria. Laiti kipimo hicho kisingefanyika siku ileile, pasingekuwa na njia ya kulijua hilo miezi sita baadaye.

Ni vema pia kukumbuka kwamba ratiba ya chanjo za watoto nchini inaanzia siku ya kuzaliwa, ikafuatiwa na wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18. Huo ndio umri ambao maradhi mengi ya utotoni hujitokeza yenyewe. Kwa kuwa watoto wengi huchanjwa, ni lazima wapatikane watakaougua siku au wiki chache baada ya sindano hata kama sindano haikuhusika. Kutangulia kwa jambo moja si uthibitisho kwamba limesababisha la pili.

Njia ya kutenganisha sadfa na chanzo ni kulinganisha. Mwaka 1999 chanjo ya virusi vya rota iliyoitwa RotaShield iliondolewa sokoni nchini Marekani baada ya kubainika kuwa iliongeza hatari ya utumbo wa mtoto kuingia ndani ya sehemu yake nyingine na kuziba. Chanjo tofauti ya rota ilipoanza kutumika Afrika, wasiwasi huo ulikuwa halali. Watafiti katika nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwamo, walichunguza watoto wachanga zaidi ya 700 waliopata tatizo hilo, wakalinganisha siku zilizofuata chanjo na siku nyingine za maisha ya watoto haohao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonesha ongezeko la hatari. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu moja tu: tarehe za chanjo na za kuanza kwa ugonjwa zilikuwa zimeandikwa.

Upande wa pili wa mizani pia una mfano. Tarehe 13 Aprili 2021 mamlaka za Marekani zilisimamisha kwa muda chanjo ya Janssen baada ya wanawake 6, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8, kupata damu iliyoganda katika mishipa ya ubongo. Idadi ilikuwa ndogo mno. Kilichowashtua wataalamu ni kwamba damu iliganda huku chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu, zikiwa zimepungua. Mambo hayo mawili ni nadra kukutana. Dalili zilianza kati ya siku ya 6 na ya 13. Matumizi yaliruhusiwa tena siku kumi baadaye, yakiambatana na tahadhari. Funzo ni kwamba hata tukio la nadra linaweza kuthibitishika, mradi vipimo vifanyike mapema. Mgonjwa asiyepewa rufaa kwenda hospitali yenye kipimo cha chembe sahani hupoteza ushahidi pamoja na nafasi ya tiba.

Wakati mwingine chanzo si chanjo yenyewe bali namna ilivyoshughulikiwa. Mwezi Mei 2017 watoto 15 walifariki katika eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi ulibaini kuwa sindano moja ya kuchanganyia chanjo ilitumika kwa siku zote nne za kampeni, na chanjo hazikuhifadhiwa kwenye ubaridi. Kama tukio hilo lingezimwa kwa hofu ya kuchafua jina la chanjo, kosa lingeendelea, na lawama ingebaki kwa dawa isiyo na hatia.

Kwa sababu hizo WHO imeweka makundi manne ya uamuzi: tukio linaloendana na kusababishwa na chanjo, tukio lisiloweza kuamuliwa kwa maarifa yaliyopo, tukio lililosadifu tu, na tukio lisilopangika kwa kukosa taarifa. Kundi la mwisho ndilo linalopaswa kutusumbua zaidi. Si hukumu kwamba chanjo haikuhusika. Ni ungamo kwamba nyayo zimefutika.

Kwa upande wa sheria, swali ni kiwango gani cha uthibitisho kinatosha. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, mwenye kudai ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha, na katika mashauri ya madai kiwango ni mizania ya uwezekano: inatosha kuonesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Sayansi, kwa kawaida, hudai uhakika mkubwa kuliko huo. Mfumo wa fidia ukidai uhakika wa maabara kutoka kwa mkulima wa Kilosa, utakuwa umefunga mlango huku ukidai uko wazi.

Marekani, ambayo mfumo wake ulianza kazi mwaka 1988 na umelipa zaidi ya dola bilioni 5, ilikabiliana na tatizo hilo kwa kuweka jedwali la madhara na muda wake. Tukio likiangukia ndani ya jedwali, huchukuliwa kuwa limesababishwa na chanjo hadi ithibitishwe vinginevyo. Wazo hilo si geni kwetu. Sheria yetu ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, hufuata njia inayokaribiana: ugonjwa ulioorodheshwa, ukimpata mfanyakazi aliyekuwa katika kazi iliyotajwa sambamba nao, huchukuliwa kuwa umetokana na kazi mpaka ionekane vinginevyo. Mfanyakazi wa mashamba ya miwa ya Ruhembe, wilayani humohumo Kilosa, tayari analindwa na kanuni hiyo.

Ipo hoja nzito ya haki nyuma ya utaratibu wa namna hii. Anayechanjwa hujikinga yeye mwenyewe na pia huwakinga wengine. Jamii nzima inaponufaika, si uungwana kumwachia mtu mmoja abebe peke yake madhara ya nadra, na juu yake mzigo wa uthibitisho usiobebeka. Wakati huohuo, kulipa kila tukio lililofuatia chanjo bila kupima chanzo kungeitangazia jamii kwamba chanjo imedhuru mahali ambapo haikudhuru, na watakaolipia kosa hilo ni watoto watakaobaki bila kinga dhidi ya surua na polio. Jedwali lililoandaliwa kwa ushahidi, pamoja na faida ya shaka kwa mlalamikaji pale mizani inapolingana, ni njia ya kati inayostahili kujadiliwa.

Lakini hakuna jedwali litakalosaidia palipokosekana kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo huwa hivyo. Mzazi anashauriwa kuitunza kadi ya kliniki ya mtoto na kuhakikisha tarehe ya kila chanjo imeandikwa. Kwa familia za wafugaji zinazohama na mifugo yao, kadi hiyo isafiri na mtoto, kwa kuwa mtoto anaweza kuchanjwa katika kliniki ya mkoba na kuugua akiwa kata nyingine. Mtoa huduma kwa upande wake aandike namba ya toleo la chanjo, kwani bila namba hiyo haiwezekani kujua kama watoto wengine waliopata chanjo ya toleo lilelile nao waliugua.

Dalili isiyo ya kawaida ikijitokeza, mwananchi arudi mara moja katika kituo cha kutolea huduma, na kituo kitoe taarifa kupitia ngazi ya wilaya hadi Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye jukumu la kisheria la kufuatilia usalama wa dawa na chanjo nchini. Ieleweke kuwa kutoa taarifa si kukiri kosa. Muuguzi anayejaza fomu hajishtaki, bali anahifadhi nyayo kabla ya mvua kunyesha. Msimamizi anayemtazama kwa jicho la lawama muuguzi mwenye taarifa nyingi anawafundisha wengine kunyamaza.

Kwa taifa, uamuzi juu ya muundo wa fidia utachukua muda na mashauriano. Lililo mikononi mwetu leo ni dogo zaidi na la lazima zaidi: tarehe, namba ya toleo, kipimo cha damu cha siku ya kwanza, na taarifa iliyotumwa kwa wakati. Vitu hivyo vinne ndivyo vitakavyomwezesha mtoto aliyedhurika kweli kusikilizwa, na vitakavyoiwezesha chanjo isiyo na hatia kutetewa kwa ushahidi.