*NENO LA TAWI: WALIMU WAACHIWE SAA YAO*

Ndugu wanachama,

Wiki hii simuni zimezunguka lawama kwamba walimu wa shule yetu "wanakaa vikao, watoto wako nje". Tuwekane sawa. Hicho si kikao cha posho. Ni Jumuiya ya Ujifunzaji, chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mwalimu aliyekwama kufundisha sehemu kwenye hesabu anawaambia wenzake, wanamwonyesha njia, kisha mmoja anaingia darasani kwake kutazama. Semina ya mjini humchukua mtu mmoja, na makabrasha yake huishia kabatini.

Lawama moja ni ya haki: vipindi visiguswe, wakae baada ya masomo. Lakini basi na sisi tuache kuwaita walimu jioni hiyohiyo waje kutuandikia mihtasari ya tawi. Tumezoea vibaya.

Diwani nimemwomba aulize kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata: karatasi na manila za jumuiya hiyo zinanunuliwa na nani? Maana nasikia walimu wanachangishana.

Mwenye mtoto pale aje kikao cha wazazi Jumamosi, saa 4 asubuhi. Hoja zisemwe kule.

*Katibu Mwenezi wa Tawi*